Somo la Lugha: Kuamkiana na Jirani Huko Kakuma

Ndugu wafugaji na wakulima, mwezi huu hatutasema juu ya kunde wala juu ya kuogesha mbuzi. Tutasema juu ya jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni maamkizi. Huenda mtu akacheka na kuuliza, "Je, gazeti la wakulima limekuwa kitabu cha adabu?" Hasha. Na asome kwanza, ndipo aamue kama jambo hili lahusu mbuzi wake au halihusu.

Kila aliyepata kufanya kazi Turkana anajua ya kuwa shughuli huku haianzi kwa shughuli. Huanza kwa mkono, kisha habari, kisha kimya kidogo, kisha habari tena. Mtu wa mjini huona kwamba muda unapotea. Lakini tazama mfano huu. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, ambao Waturkana huuita lomoo, ulitokea huku mwaka 2006 na ukaua mbuzi na kondoo wengi sana. Tangu hapo chanjo imekuwa ikitolewa, nayo ni chanjo nzuri. Ila chanjo nzuri haina faida yo yote ikiwa mwenye mbuzi hakuwaleta mbuzi wake. Na mwenye mbuzi hamleti mbuzi wake kwa mtu asiyemjua.

Nimepata kumwona mtaalamu mmoja aliyefika na sanduku la chanjo lenye barafu. Alishuka garini karibu na mti wa ewoi walipokuwa wameketi wazee, akaanza papo hapo kueleza faida za chanjo. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki, maana chanjo haipatani na jua la Turkana. Wazee walimsikiliza kimya, kila mmoja juu ya kigoda chake, yaani ekicholong. Alipomaliza, mmoja wao alisema kwa Kiswahili kizuri, "Umetuambia habari za mbuzi. Sasa tuambie wewe ni nani." Siku ile waliletwa mbuzi wachache tu. Juma lililofuata alikuja kijana mwingine na chanjo ile ile. Yeye aliketi, akaamkia, akaamkiwa, akaulizwa alikotoka na mvua ya huko, naye akauliza ya hapa. Ilipita kama nusu saa. Kisha mazizi yakafunguliwa. Sina la kuongeza juu ya hilo.

MJI WENYE LUGHA NYINGI

Kakuma ipo kando ya laga ya Tarach, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio. Tarach si mto wa maji siku zote. Mara nyingi ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba mchanga ule kutafuta maji. Zamani palikuwa kituo kidogo cha maduka na wachungaji. Mwaka 1992 ilianzishwa kambi ya wakimbizi, walipofika vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda na wengineo. Mwaka 2016 ikafunguliwa Kalobeyei, mahali palipokusudiwa wageni na wenyeji wakae jirani, watumie shule moja na hospitali moja, walime na kuuziana. Leo wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja ni zaidi ya 250,000.

Kwa hiyo sokoni Kakuma asubuhi moja utamkuta mama Mturkana ana mzigo wa kuni na gunia la makaa, Msomali ana duka la sukari na vitambaa, Mwethiopia anachemsha kahawa, Mrundi anauza mchicha wa bustani yake, na kijana wa Sudani Kusini anatafuta mbuzi wa harusi. Wote wanahitajiana. Tena, tusifiche, wamepata kugombana, na ugomvi mwingi umekuwa juu ya kuni, juu ya maji na juu ya mbuzi aliyepotea. Mambo haya matatu ni ya wakulima na wafugaji. Ndiyo maana somo hili limewekwa katika ukurasa huu.

Wengine husema Kiswahili chatosha. Ni kweli Kiswahili chafanya kazi kubwa hapa, na bila hicho hata gazeti hili lisingesomwa. Lakini mama anayetoka na kuni mashambani, au mzee aliyeleta mbuzi kutoka upande wa Oropoi au Letea, mara nyingi hana Kiswahili zaidi ya majina ya fedha. Ukimwamkia kwa lugha yake, umemwambia ya kuwa umemwona kama mtu wala si kama mzigo wa kuni.

KIT'U CHA KWANZA: EJOKA

Tuanze na wenyeji. Lugha ya Waturkana wenyewe huiita Ng'aturkana. Salamu yake ya kawaida ni moja, nayo ni nyepesi:

— Ejoka?
— Ejok.

Neno ejok lina maana ya "ni nzuri" au "ni njema". Ile a mwishoni ndiyo inayoligeuza kuwa swali, "Ni njema?" Jibu ni lile lile pasipo a: "Ni njema." Ukitaka kusema "njema sana", ongeza nooi: Ejok nooi. Neno hili nooi, yaani "sana", litakusaidia mahali pengi, basi likariri.

Kushukuru ni alakara, maana yake nimefurahi. Kushukuru sana ni alakara nooi. Kukanusha au kusema "hakuna" ni mam. Kwa maneno haya manne, yaani ejok, nooi, alakara na mam, mtu aweza kuishi juma zima Kakuma bila kumwudhi mtu.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Ng' ya Waturkana ni ile ya ng'ombe, siyo ile ya ngoma. Katika vitabu vya Kiturkana utaikuta imeandikwa ng bila alama, lakini usomapo itamke kama ya ng'ombe. Katika somo hili nimeweka alama ili msomaji wa Kiswahili asipotee. Jambo la pili ni gumu kidogo kwa mtu aliyezoea Kiswahili. Sisi hutamka irabu ya mwisho wa neno waziwazi: maji, mbuzi, maziwa. Mturkana anaponyamaza baada ya neno, irabu ile ya mwisho mara nyingi huinong'ona tu, kama pumzi. Maji ni ng'akipi, lakini sikio geni husikia "ng'akip". Usiseme kwamba amekula herufi. Herufi ipo, ila imenong'onwa. Mwambie aendelee kusema maneno mengine mbele yake nawe utaisikia ikirudi.

Tena kuna mpango wa maneno ambao msomaji wa Kiswahili ataupenda, maana unafanana na ngeli zetu kwa mbali. Kiswahili husema mtu, watu, kitu, vitu. Kiturkana nacho hubadili mwanzo wa neno. Mbuzi mmoja ni akine, wengi ni ng'akinei. Ng'ombe mmoja ni aite, wengi ni ng'aatuk. Ngamia mmoja ni ekaal, wengi ni ng'ikaal. Mtoto ni ikoku, watoto ni ng'ide. Tazama: umoja huanza na e, a au i, wingi huanza na ng'i au ng'a. Na kama vile Kiswahili kilivyoyaweka maji na maziwa katika hali ya wingi, "maji haya", "maziwa haya", ndivyo Kiturkana kilivyofanya: ng'akipi ni maji na ng'akile ni maziwa, na yote mawili huvaa kilemba cha wingi. Sijui mwalimu ye yote ambaye angeacha kufurahi kuona hayo.

Zile herufi e, a na i si za bure. Kwa kawaida e ni ya kiume, a ni ya kike, na i ni ya kitu kidogo au kisichohesabiwa ume wala uke, kama yule mtoto, ikoku. Mturkana mwanamume ni eturkanait, mwanamke ni aturkanait. Kiswahili hakijishughulishi na jambo hili. Sisi husema "amekuja" bila kujali ni bwana au bibi. Lakini lugha nyingi hujishughulisha nalo hata katika salamu, na mtu anayejifunza yafaa aulize mapema. Waethiopia wanaosema Kiamhari humwamkia mwanamume Dehna neh? na mwanamke Dehna nesh?, na mtu wa heshima humpa neno la tatu. Hata Kireno, lugha ya rasmi ya jirani zetu wa Msumbiji, kina jambo hili katika shukrani: mwanamume husema obrigado na mwanamke husema obrigada, kila mtu kwa jinsi yake yeye anayesema, wala si kwa jinsi ya anayeshukuriwa.

Na kwa kuwa tumetaja Kireno, nitoke njiani kidogo. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Kwa muda wa miaka 200 hivi walituachia meza, bendera, leso, kasha na gereza. Merikebu zao ndizo zilizohusika na kuleta mahindi na muhogo kutoka Marekani. Lakini salamu? Hakuna. Mswahili hakuchukua bom dia yao, ambayo ni salamu ya asubuhi, wala boa tarde ya alasiri, wala boa noite ya usiku. Salamu tulizozikopa, kama salamu yenyewe, sabalkheri na masalkheri, zilitoka kwa Waarabu, watu tuliokaa nao barazani, tukaoa kwao nao wakaoa kwetu. Yaonekana vitu hukopwa hata kwa mtu wa ngomeni, ila salamu hukopwa kwa mtu mliyeketi naye. Haya, turudi Kakuma.

HABARI NI GAZETI LA MCHUNGAJI

Ejoka ni mlango tu. Baada ya mlango huja habari, na habari za mfugaji zina mpangilio: watu, mifugo, mvua, majani, maji, usalama. Mtu ambaye hana redio wala simu hupata habari hizi kwa kuamkiana na kila anayekutana naye njiani. Akitoka Letea mpaka Kakuma huwa amekusanya habari za nchi nzima. Ukimkatiza baada ya ejok na kuuliza bei, umelikunja gazeti lake ukalitupa.

Si lazima ujue Kiturkana cha kutosha kuuliza maswali marefu. Taja jina la kitu kwa sauti ya kuuliza, nawe utaeleweka. Siyo Kiturkana cha wenyewe kamili, lakini ni cha mwanafunzi mwenye adabu, na mwenyeji atakusahihisha akicheka. Tazama mazungumzo haya kati ya mama wa Kikongo aliyekuja kununua mbuzi na mzee aliyemleta sokoni. Ni ya kubuni kwa ajili ya somo, lakini yanafanana na yanayosikika kila siku.

— Ejoka, apa?
— Ejok.
— Ng'ide?
— Ejok nooi.
— Ng'akinei?
— Ejok.
— Ng'akipi?
— Mam.

Hapo mzee akatikisa kichwa, akaendelea kwa Kiswahili chake: ametembea siku tatu, bwawa alilolitegemea njiani lilikuwa limekauka, mbuzi wamekunywa jana jioni tu. Sasa fikiri. Mnunuzi aliyekuja na kuuliza bei moja kwa moja angemwona mbuzi amekonda na kichwa chini, akamdhania mgonjwa, akaenda zake. Au angemnunua bila kujua na kumpa maji mengi kwa mara moja. Mama huyu amejua kwa neno moja, ng'akipi, kwamba mbuzi ana kiu na uchovu wa njia. Na lau mzee angejibu juu ya mbuzi kwa kusema kuna loukoi, yaani homa ya mapafu ya mbuzi, mama angejua asimchanganye mbuzi huyo na wengine, na habari ingeweza kumfikia bwana mifugo siku ile ile. Habari nyingi za magonjwa ofisi huzipata hivi hivi, kwa watu walioulizana hali sokoni. Fomu zetu huja baadaye.

Katika mazungumzo hayo yule mama alisema apa, yaani "baba". Kumwita mzee apa ni heshima. Mama ni toto. Hapa Mswahili na awe macho! Kwetu toto ni mtoto mkubwa, tena pengine ni neno la utani. Kwa Waturkana ni mama yako. Ukimsikia mtu mzima mwenye ndevu akimwita bibi kizee toto, usicheke. Na wewe ukimwambia mama wa Kiturkana "toto yuko wapi?" ukimaanisha mwanawe, atashangaa kwa nini unamtafuta mama yake.

Faida nyingine ya ejoka ni kwamba haiishii mpakani. Waturkana ni ndugu wa lugha na Wakaramojong, Wajie na Wadodoth wa Uganda, na Watoposa wa Sudani Kusini, na Wanyangatom wa Ethiopia. Wateso nao ni wa ukoo huo, ingawa salamu yao, Yoga, imekwenda njia yake. Mchungaji anayevuka mpaka wakati wa kiangazi kutafuta majani huenda na maneno haya kama cheti. Sote twajua ya kuwa mipaka ile imeona wizi wa mifugo na bunduki. Vikao vya kupatana vya wazee nako hufunguliwa kwa neno lile lile.

NENO MOJA KATIKA LUGHA SITA

Sasa tuwageukie wageni. Msomaji asiogope wingi wa lugha za kambini. Nitamwonyesha njia ya mkato.

Mturkana huuliza kama mambo ni mema. Lakini majirani wengi wa Kakuma huulizana juu ya amani. Msomali husema Nabad, yaani amani. Au huuliza Ma nabad baa? (Je, ni amani?) na jibu ni Waa nabad (Ni amani). Mworomo wa Ethiopia huuliza Akkam? na katika jibu utasikia nagaa, nalo ni amani. Mnuer husema Maale, nalo ni amani. Mrundi husema Amahoro, nalo ni amani. Msemaji wa Kiamhari husema Selam, na kijana wa Juba anayesema Kiarabu cha kwao husema Salaam. Maneno haya mawili ya mwisho kila Mswahili anayafahamu, maana salamu yetu ni ndugu yao.

Basi ukijifunza neno "amani" katika lugha sita umejifunza salamu sita. Watu hawa wengi walitoka mahali palipokosa amani, na kila asubuhi kisimani huulizana juu yake. Mama mmoja wa Kirundi aliwahi kuniambia kwamba kwao neno lile lilisemwa hata siku ambazo risasi zilisikika, kwa sababu hapakuwa na neno jingine la kusema.

Kuna njia ya mkato ya pili. Ukiona salamu ya asubuhi haina amani ndani yake, basi kwa kawaida inauliza juu ya usiku. Sisi husema "Umelalaje?" au "Umeamkaje?" Mworomo husema Akkam bulte?, yaani umelalaje. Mwamhari husema Indemin aderk? kwa mwanamume na Indemin adersh? kwa mwanamke, na maana yake ni ile ile. Mnyarwanda na Mrundi husema Mwaramutse, nalo linahusu kuamka. Mdinka naye huuliza kama kumekucha kwako. Ukilijua hili hutashangaa ukijibiwa kwa habari ya mtoto aliyelia usiku au fisi aliyezunguka zizi.

Kwa Msomali kuna salamu nyingine inayofaa sana kwa wanunuzi: Iska warran? Maana yake hasa ni "Toa habari zako". Jibu jepesi ni Waan fiicanahay, yaani mimi ni mzima. Asubuhi husema Subax wanaagsan. Wasomali walianza kuiandika lugha yao rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na wakaziweka herufi mbili katika kazi isiyo ya kawaida kwetu: x ni ile ha nzito ya Kiarabu itokayo kooni, na c ni ain. Kwa hiyo subax haisomwi "subaks". Nimemsikia karani mmoja akiisoma hivyo kwa sauti kubwa dukani, na duka zima likacheka kwa upole, kisha wakamfundisha. Alinunua sukari yake akaondoka na somo la bure. Kushukuru ni Mahadsanid, na kuagana ni Nabad gelyo, ambamo amani imerudi tena.

Kijana wa Sudani Kusini, awe Mdinka, Mnuer au wa kabila jingine, mara nyingi huelewa Kiarabu cha Juba. Mwulize Ita kef? (Wewe u hali gani?) naye atajibu Ana kweis (Mimi ni mzima). Shukrani ni shukran, ambayo tunayo tayari. Lakini usidhani Kiarabu kinampendeza kila mmoja sawasawa. Wako waliopigana miaka mingi na serikali iliyosema Kiarabu, nao hupenda zaidi uwaamkie kwa lugha ya nyumbani. Ukimjua jirani yako kwa jina, mwulize mwenyewe.

Kwa Wakongo hatuna kazi ngumu. Wengi wao kutoka mashariki ya nchi yao husema Kiswahili, na wao huamkia kwa Jambo tupu. Wakenya wengine hulicheka neno hilo, wakidhani ni la watalii. Si haki. Huko Bukavu na Goma ni salamu ya watu wazima, na hujibiwa Jambo. Jibu hivyo hivyo, usimsahihishe mtu katika lugha aliyonyonya.

SHAMBANI KALOBEYEI

Nimalize na jambo la bustani, maana wako watakaosema nimeandika juu ya wafugaji peke yao. Katika Kalobeyei wenyeji na wakimbizi wana bustani ndogo za mchicha, kunde, bamia na sukuma wiki, nyingine zikinyweshwa kwa maji ya mabomba na nyingine kwa maji ya mvua yaliyokingwa. Warundi na Wakongo wengi walikuwa wakulima kwao; Waturkana wengi wa pale walikuwa wafugaji na hawakupata kushika jembe, ingawa kando ya Turkwel na Kerio wako Waturkana waliopanda mtama tangu zamani. Kwa hiyo mafunzo huenda pande mbili. Mrundi ajua kupandikiza mche. Mturkana ajua mahali maji ya mafuriko yatakapopita, ajua mti gani ni wa nani, maana kando ya laga miti ya malisho ya kiangazi ina wenyewe, na haki hiyo huitwa ekwar. Mgeni akikata ewoi bila kuuliza huenda amekata akiba ya mbuzi ya mtu. Kijiti kile kiitwacho mathenge, ambacho Waturkana hukiita etirae, hicho ndicho kinachofaa kukatwa, kwa kuwa kimeenea kupita kiasi. Lakini hata hapo ni vizuri kuuliza kwanza. Na kuuliza huku hakuna namna nyingine ya kukuanza ila Ejoka.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Usianze kwa kuandika. Msikilize jirani yako kwanza kwa siku tatu, kisha useme, kisha uandike. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuandika huiona ng' kwa macho asiisikie kwa masikio.

1. Mwamkie muuza kuni kwa Ejoka kila asubuhi kwa juma moja kabla ya kuuliza bei. Mara ya tatu ongeza ng'ide? na ng'akipi?
2. Andika wingi wa maneno haya, kisha uulize Mturkana kama umepatia: akine, aite, ekaal, ikoku.
3. Tafuta jirani wa lugha ambayo haikutajwa hapa. Mwulize kama salamu yao ya asubuhi ni ya wema, ya amani, au ya usiku uliopita. Huenda ikawa ya jambo la nne.
4. Mzee amejibu Ejok kwa watoto, Ejok kwa mbuzi, na Mam kwa maji. Utamwuliza nini baadaye, na utamfikishia nani habari hiyo ikiwa mbuzi wanakohoa?

Majibu ya zoezi la pili ni haya: ng'akinei, ng'aatuk, ng'ikaal, ng'ide. Jibu la zoezi la nne mlete mwenyewe ofisini, na ukifika uanze na habari za nyumbani.